Sauti ya Kuazima: Deni la Mwimbaji kwa Mtunzi katika Nyimbo za Hoteli za Bamburi

Katika taaluma ya fasihi simulizi tumezoea kulitumia neno "fanani" kwa wepesi mno. Fanani ndiye atungaye, ndiye aimbaye, ndiye asimuliaye. Hadhira imemzunguka, naye huifinyanga kazi yake papo hapo mbele yao. Istilahi hii imetufaa katika kuzichambua ngano, ngoma na majigambo, lakini imetuficha jambo moja: kwamba mara nyingi aimbaye siye aliyetunga, na kwamba baina ya hao wawili pana uhusiano ambao si wa kisanaa tu bali ni wa kimaadili pia. Makala hii inakusudia kuuchunguza uhusiano huo kwa kuuliza swali lililo rahisi kulitamka na gumu kulijibu: mtu anapopata jina na riziki kwa wimbo usio wake, anadaiwa nini, na ni nani amdaiye?

Wanasheria wanalo jibu lao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya malipo, na juu ya hayo inamtambulia haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Jibu hilo ni la lazima, lakini halitoshelezi. Sheria humtazama kwa jicho lile lile mwimbaji aliyeuboronga wimbo wa mwenzake na mwimbaji aliyeuimba hata dunia ikamsikiliza. Kimaadili, kama nitakavyojaribu kuonyesha, deni la hao wawili halilingani hata kidogo.

Hebu tuanzie mbali, Marekani, katika muziki wa kantri, kwa kuwa huko ndiko desturi ya kuimba wimbo wa mwingine ilikowekewa utaratibu ulio wazi, na kwa kuwa muziki wenyewe si mgeni kwetu. Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, yungali kipenzi cha Wakenya wengi ambao hawajapata kufika Texas wala hawatarajii kufika. Na katika miaka ya karibuni Elvis Otieno, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sir Elvis, amejijengea sifa nchini kwa kuziimba upya nyimbo za waimbaji kama hao. Katika kantri, mwimbaji kuimba asichotunga si aibu. Wimbo "Distant Drums", uliopanda hadi nambari ya kwanza Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya Reeves kufa, ulitungwa na mwanamke aitwaye Cindy Walker. "The Gambler" ulitungwa na Don Schlitz, na wengine walikwisha kuurekodi kabla Kenny Rogers hajaukamata mwaka 1978 na kuufanya kana kwamba ni sehemu ya ndevu zake. Hakuna aliyemwita Rogers mwizi. Kwa nini? Kwa sababu katika kibandiko cha sahani, chini ya jina la wimbo, jina la mtunzi liliandikwa kwa herufi ndogo. Na fedha zilipokusanywa zilizifuata herufi hizo ndogo hadi mlangoni pake.

Herufi hizo ndogo ndizo kiini cha mjadala huu, nasi tutazirejea. Kwa sasa tuangalie kioja kimoja kinachoonyesha kuwa jina la msanii linaweza kuishi hata pale ambapo hapana kibandiko wala msomaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi katika nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho, nyimbo ambazo ziliitwa "Chemirocha". Neno hilo ni jina la Jimmie Rodgers, baba wa kantri aliyefariki mwaka 1933, jinsi lilivyoangukia katika sikio la Kikipsigis kutoka katika santuri zilizofika huko. Wasichana walioimba hawakumjua Rodgers. Katika wimbo wao alikwisha kugeuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Hawakuiga hata wimbo wake mmoja. Lakini walilihifadhi jina. Tukilinganisha jambo hili na yatokeayo katika hoteli zetu za pwani, ambako nyimbo huigwa noti kwa noti na majina yakaachwa nje ya ua, ndipo tutakapoona ni nani kati ya hao aliyemheshimu zaidi mtunzi.

Bamburi i kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, kando ya barabara iendayo Malindi. Upande mmoja wa barabara pana kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, na machimbo ambayo tangu 1971 yamepandwa mivinje hata yakawa msitu; upande wa pili, hoteli zimejipanga ufukoni, zikipakana na pwani ya umma ambako wenyeji wenyewe hujaa siku za sikukuu. Utalii wa hoteli hizo ulipostawi katika miaka ya 1970 na 1980 ulizaa aina mpya ya mwanamuziki, ambaye wahakiki wetu wamempuuza kwa sababu ambazo nitazigusia. Ni mwanamuziki wa hotelini. Halipwi kwa wimbo bali kwa usiku. Hadhira yake hubadilika kila baada ya wiki moja au mbili, ndege inapowashusha wengine na kuwachukua waliotangulia. Kwa hiyo hana haja ya kutunga kipya, maana kila wimbo wake, hata awe ameuimba mara elfu, ni mpya kwa aliyefika jana. Mgeni anataka mawili tu: wimbo aujuao tangu kwao, au wimbo wa Kiafrika ambao ataweza kuushika kwa kuusikia mara moja. Wanamuziki huiita kazi hiyo kupiga kopi, na neno hilo hulitamka bila majuto, kama fundi anavyosema anapiga lipu.

Yafaa kulitafakari hilo kabla ya kulaumu. Mpigaji kopi ni mfanyakazi, na kazi yake ina ustadi wake: kuimba Kijerumani asichokisema, kuikumbuka gitaa ya wimbo wa Kikongo na ile ya Jim Reeves katika usiku mmoja, kuusoma uso wa mzee aliyekaa peke yake mezani na kujua ni wimbo gani wa ujanani mwake utakaomnyanyua. Asemaye kwamba mtu huyu ni kasuku hajamsikiliza.

Sasa, katika mazingira hayo hayo ndimo ulimozaliwa wimbo wa Kiswahili unaoimbwa na wageni wengi kuliko wimbo mwingine wa Kenya ila labda mmoja. "Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, wa bendi ya Them Mushrooms iliyoanzishwa Mombasa na ndugu wa familia ya Harrison, na ukatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahakiki wameubeza, na si bila sababu. Kiswahili chake ni Kiswahili cha kitabu cha misemo ya wasafiri: salamu ya "jambo" ambayo mwenyeji wa Kisauni humtupia mgeni lakini hamwamkii nayo mama yake, na "hakuna matata" ambayo mtu wa pwani, akiachiwa nafsi yake, huenda angeitamka kwa namna nyingine kabisa. Lakini ubezaji huo unasahau swali la usanii: mtunzi aliisikia lugha iliyokuwa ikizaliwa baina ya mhudumu na mgeni, akaikamata na kuitia mahadhi. Hilo ni tendo la utunzi, tena la mtu mwenye sikio.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Safari Sound Band, nao wakiwa wanamuziki wa hoteli za pwani, waliurekodi wimbo huo na kanda yao ikasambaa katika masanduku ya watalii. Mombasa Roots nao wakawa na ya kwao. Mwaka 1983 Boney M., kundi lililokuwa limeitikisa Ulaya kwa disko, likautoa kwa namna yake. Kila toleo lilisafiri mbali zaidi na utokeapo wimbo, na kila lilivyosafiri mbali ndivyo jina la Harrison lilivyozidi kufifia, hata watu wengi waliouimba kwa moyo wakadhani ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe, kitu kilichookotwa ufukoni kama kombe. Hapa ndipo tunapoliona jambo ambalo sheria hailioni. Lau Safari Sound Band wangaliuimba vibaya, Harrison asingalipungukiwa na chochote. Wimbo ungalirudi kwake kama mtumwa aliyekosa soko. Waliuimba vizuri. Kufaulu kwao ndiko kulikomfunika.

Basi hoja yangu ni hii: deni la mwimbaji kwa mtunzi hukua kwa kadiri ya kufaulu kwake. Aliyeshindwa hadaiwi takriban lolote ila ada. Aliyefaulu amechukua zaidi ya matumizi ya wimbo. Amechukua nafasi ya mtunzi katika masikio ya watu, na nafasi hiyo haina bei. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Ni mimi niliyeufanya ujulikane." Ni kweli, na ukweli huo ndio ushahidi dhidi yake, kwa kuwa aliyeweza kuufanya wimbo ujulikane alikuwa na uwezo wa kumfanya mtunzi ajulikane pia, kwa pumzi ile ile, akachagua kimoja.

"Malaika" ni mfano ulio mkubwa zaidi na wenye utata zaidi. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauchukua na kuupa sauti yake. Mwaka 1965 ulitokea katika albamu aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, albamu ambayo ilitunukiwa Grammy. Boney M. waliutoa mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991, na katika hoteli yoyote baina ya Shanzu na Diani usiku haukwishi bila ya malaika huyo kuitwa. Fadhili alifariki mwaka 2001 akiwa ndiye atambuliwaye na wengi kuwa mwenye wimbo. Hata hivyo Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa ni wake tangu miaka ya 1940, na jina la Grant Charo nalo limetajwa katika mgogoro huo. Sikusudii kuamua hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mgogoro wenyewe ni tunda la ufanisi wa waimbaji. Hakuna agombaniaye wimbo uliolala. Na yumkini kama tangu mwanzo kila aliyeuimba angalimtaja aliyempokea kutoka kwake, tungalikuwa leo na silsila ya wimbo, kama zilivyo silsila za wanazuoni, ambayo ingaliturudisha hatua kwa hatua hadi kinywa cha kwanza.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa makini. Ya kwanza inatoka katika mapokeo yetu wenyewe. Itasemwa: nyimbo za ngoma hazina mwenyewe. Chakacha ya wanawake wa Mombasa ilichezwa vizazi na vizazi bila mtu kuuliza nani alitunga. Mombasa Roots walipoitia katika disko mwaka 1987, kwa "Disco Cha Kacha", walimdhulumu nani? Kwa nini basi tuwaletee watu wa pwani fikra ya umilikaji iliyotoka katika maduka ya sahani ya Ulaya? Pingamizi hii ina sura ya uzalendo, lakini imesimama juu ya nusu ya mapokeo. Ni kweli kwamba ngoma ni mali ya jamii. Lakini ushairi wa Waswahili, ambao nao uliimbwa, haukuwa hivyo kamwe. Mtunzi wa utendi aghalabu hufika mwisho akajitaja: jina lake, pengine na ukoo na mji wake, na tarehe ya kukamilisha kazi. Hiyo ndiyo kazi mojawapo ya tamati. Wanafunzi wetu huifundishwa kuwa kipengele cha fani, nao huijibu hivyo katika mtihani. Lakini tamati ni zaidi ya fani. Ni mtego uliotegwa kwa ajili ya mwimbaji. Utendi uliandikwa ili uimbwe na mwingine, barazani au nyumbani kwenye hadhara ya wanawake, na mtunzi alijua kwamba sauti itakayosikika siyo yake. Kwa hiyo alilishona jina lake katika kitambaa chenyewe, kwa mizani ile ile na vina vile vile, ili asiyetaka kumtaja alazimike kuichana nguo.

Hata pale ambapo shairi lilikuwa fupi, halina nafasi ya tamati, jamii ilijipa wajibu huo yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Beti zake zilibaki katika vinywa vya watu na katika miswada michache, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na W. E. Taylor miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi. Zilipokusanywa zilikuwa bado ni za Muyaka. Inawezekana baadhi yake zimehesabiwa kwake kimakosa, kama wataalamu walivyodokeza. Lakini kosa la namna hiyo linawezekana tu katika jamii inayoamini kwamba kila shairi lina mwenyewe. Watu waliozighani beti hizo sokoni na kwenye magombano ya mitaa hawakuwa na kibandiko cha sahani. Walikuwa na adabu.

Kwa hiyo wazo la mtunzi mwenye jina halikuletwa na meli. Lakini hapana budi pia tuukiri upungufu wa mapokeo yetu, na Mombasa inatupa mfano wake bora kwa marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Juma Bhalo aliimba mashairi ya wengine, na juu ya yote mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, mwandishi wa *Malenga wa Mvita*. Maneno yalikuwa ya mshairi, na wapenzi wa taarabu hiyo walijua na kubishana ni ya nani na yamelengwa kwa nani. Mahadhi, kwa upande mwingine, mengi yalichukuliwa katika filamu za Kihindi. Ni nani katika harusi za Mombasa aliyeuliza jina la mtungaji wa muziki kule Bombay? Mapokeo yetu humheshimu mwenye neno na kumsahau mwenye sauti. Kwetu neno ni mali na sauti ni upepo. Huenda ndiyo sababu mwanamuziki wa hotelini haoni vibaya kulichukua "lahani" la mwenzake. Amelelewa katika utamaduni ambao haujapata kulipa lahani jina. Sisemi haya ili kumtia doa Juma Bhalo, ambaye kwa sauti yake aliyafikisha mashairi ya hali ya juu kwa watu wasiofungua kitabu. Nasema ili tusijidanganye kwamba lawama yote ni ya utalii.

Pingamizi ya pili inatoka Paris. Tangu Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi katika insha yake ya mwaka 1967, na Michel Foucault alipouliza miaka miwili baadaye mwandishi ni kitu gani, imekuwa desturi katika semina zetu kulitazama jina la mtunzi kama kizuizi kwa maana ya matini. Wimbo, tunaambiwa, huishi katika masikio ya wasikilizaji. Kumtafuta mtunzi ni kuifunga maana. Mimi nakubali kwamba maana ya "Malaika" haikai mfukoni mwa Fadhili William, na kwamba Makeba aliuimba hali ya kuwa mkimbizi, na kwa hiyo aliutia huzuni ambayo kijana wa Nairobi akosaye mahari hakuiwazia. Lakini nadharia hii ilizaliwa mahali ambapo mwandishi alikuwa amekwisha kushiba jina. Ni jambo moja kumuua mfalme. Ni jambo jingine kumtangazia kifo mtu ambaye hajaandikishwa kuzaliwa. Barthes alikuwa akiuondoa udikteta wa mtunzi juu ya maana. Hakuwa akimwondolea mtunzi chakula. Mwanafunzi wa uzamili akiyachanganya mambo haya mawili atajikuta anaitetea kwa lugha ya ukombozi hali ile ile ambayo kampuni ya sahani huitetea kwa lugha ya faida.

Mwenye kushikilia chakula ataniuliza: kutaja jina kunamfaa nini mtunzi maskini? Jina haliliwi. Swali ni la haki. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akafa mwaka 1962 akiwa hohehahe, huku wimbo wake ukizunguka dunia kwa majina mengine. Warithi wake hawakufikia mapatano ya malipo hadi 2006. Lakini tuutazame mfano huo kwa makini. Kilichowapatia warithi wa Linda walichopata ni kwamba jina lilipatikana. Kwamba watu walilifukua na kulirudisha juu ya wimbo. Fedha ni kipofu anayeongozwa na jina. Haimaanishi kwamba daima atafika, maana njia ina mashimo mengi, na watunzi wengi wa Kenya wangeweza kusimulia jinsi mrabaha wao ulivyopotea mikononi mwa wapokezi. Lakini pasipo jina hata safari haianzi.

Kinyume chake tunakiona, tena, katika kantri. Dolly Parton alitunga "I Will Always Love You" na kuufikisha kileleni mwa orodha ya kantri mwaka 1974. Elvis Presley alitaka kuurekodi. Meneja wake akaweka sharti kwamba nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo iwe yao. Parton alikataa, ingawa alilia. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba na kuuweka katika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 14, na wasikilizaji wengi hadi leo wanauita wimbo wa Whitney. Kama ningalikuwa nimekosea katika hoja yangu, Parton angalikuwa na sababu ya kulalamika, kwa maana amefunikwa kuliko alivyofunikwa Harrison. Lakini jina lake lilibaki juu ya wimbo na malipo yakalifuata. Ametoa nafasi katika masikio ya watu, hakutoa wimbo. Tofauti baina yake na mtunzi wa Mombasa si ya kipawa wala ya bahati. Ni tofauti ya mahali ambapo jina lilikuwa limefungwa: la kwake lilifungwa katika mikataba na ofisi zinazofanya kazi; la mtunzi wa Mombasa lilining'inia katika hiari ya mwimbaji.

Hapo ndipo tunapoirudia tamati. Wimbo wa dakika tatu hauna tamati. Hauwezi kumtaja mtunzi wake ndani ya mahadhi, kama utendi unavyoweza, na kibandiko chenye herufi ndogo hakifiki ufukoni. Ukumbini pana maikrofoni tu. Hivyo basi wajibu uliokuwa wa matini umehamia kwa mtu. Mwimbaji mwenyewe ndiye tamati. Hili si fadhila anayomfanyia mtunzi. Ni sehemu ya wimbo aliyoiacha bila kuiimba.

Them Mushrooms wenyewe, ambao wimbo wao ulichukuliwa, ndio waliotuonyesha jinsi sehemu hiyo inavyoweza kuimbwa. Baada ya kuhamia Nairobi walifaulu sana kwa kuzirekodi upya nyimbo kongwe, chini ya jina la "Zilizopendwa". Jina hilo linastahili uchambuzi wa kisarufi. Ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, chenye kirejeshi, kisicho na mtenda: nyimbo zilipendwa, hatuambiwi na nani, wala hatuambiwi zilitungwa na nani. Redio zetu zimelitumia neno hilo kwa miongo mingi, na nadhani hakuna neno lililowafuta watunzi wetu wengi kwa upole kama hilo. Limewageuza kuwa enzi. Mtu akisikia "zilizopendwa" huikumbuka miaka, haukumbuki mkono.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi hiyo ilifanya jambo jingine. Ilimtafuta Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, askari wa zamani wa vita vya pili vya dunia, mtunzi wa "Tausi Ndege Wangu" na "Majengo Siendi Tena", ambaye alikuwa amekwisha kusahauliwa na vijana, ikamwingiza studio azirekodi upya nyimbo zake pamoja nao. Wangeweza kuziimba bila yeye. Zilikwisha kuwa zilizopendwa. Walimrudisha mtunzi ndani ya wimbo kwa sauti yake ya uzee, na alipofariki mwaka 2000 alikuwa tena mtu mwenye jina. Wapo watakaosema kuwa ilikuwa biashara nzuri, nami sikatai. Kulipa deni kwa njia inayomletea mlipaji faida bado ni kulipa.

Sio kila bendi ya Bamburi inayoweza kumleta mtunzi jukwaani, na watunzi wengi wamekwisha kwenda. Wala mgeni aliyetoka Frankfurt juzi hakuja kusikiliza darsa. Nimewahi kuambiwa na wanaoifahamu kazi hiyo kwamba meneja wa hoteli hapendi maneno mengi baina ya nyimbo, kwa kuwa watu hunywa zaidi wanapocheza. Huo ni ugumu wa kweli. Na mtu alipwaye kwa usiku hana nguvu ya kubishana na amlipaye. Sehemu ya deni, basi, ni ya mwenye hoteli, ambaye amejaza vyumba kwa miaka mingi kwa wimbo ulioandikwa na mtu asiyeijua anwani yake.

Imebaki kesi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya wimbo ambao watu wawili au watatu wanaudai. Mwimbaji anayetaka kutimiza wajibu wake aseme nini kabla ya "Malaika"? Akimtaja Fadhili peke yake, huenda amemdhulumu Adam Salim. Akinyamaza kwa kuogopa kukosea, amewadhulumu wote. Mimi naona aseme kama alivyopokea: kwamba huu ni wimbo tulioupata kwa Fadhili William, na wapo wanaosema ulitungwa na mwingine kabla yake. Maneno hayo hayazidi muda wa mpiga gitaa kurekebisha uzi mmoja. Kisha aimbe.